Waliobeba Ndege za Maji

Vijana wa kikundi chetu hapa Mbugangari wanajua ndege kwa mlio, hawana haja ya kuangalia juu. Helikopta za Umoja wa Mataifa wanazitambua, ndege za mizigo zilizokuwa zikishuka uwanja wa Goma wanazitambua, na Sukhoi, hiyo hata mtoto wa miaka saba anakuambia kabla haijatokea. Tarehe 7 Novemba 2022 Sukhoi moja ya jeshi la Kongo iligusa uwanja wetu wa Rubavu, ikaondoka palepale. Mpaka leo kila mtu wa mtaa huu anasema aliiona kwa macho yake. Kama wote wanaosema hivyo walikuwepo kweli, basi siku ile watu walikuwa wengi kuliko wanaoingia Stade Umuganda.

Kwa hiyo tulipofika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia katika masomo yetu ya Jumamosi, sikushangaa kusikia swali la ndege. Kijana mmoja anayesukuma mizigo kule Petite Barrière aliuliza ndege ya kwanza ya vita kwenye maziwa yetu ilikuwa ya nani. Na kabla sijafungua mdomo akaongeza: "Na sisi tulikuwa wapi?"

Swali la kwanza lina jibu, na ni jibu la ajabu kidogo. Ndege hizo zilikuwa za jeshi la maji. Si jeshi la anga, hilo Waingereza walikuwa hawajaliunda. Zilikuwa ndege za bahari, zenye maboya mawili chini badala ya magurudumu, na zilifika katikati ya Afrika, mahali ambapo ukitaka kuona bahari unasafiri wiki nzima. Swali la pili ndilo linanifanya niandike.

Tuanze pwani, kwa sababu huko ndiko jeshi la maji lilikojifunza tabu ya kazi hii. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikaenda kujificha ndani ya delta ya Rufiji. Delta ile ni mikoko na mito inayogawanyika kama vidole, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwa sababu ya kina cha maji. Walihitaji jicho la juu. Wakamkodi rubani wa kiraia aliyekuwa akirusha ndege kwa maonyesho huko Durban, jina lake Cutler, pamoja na ndege yake ya Curtiss yenye umbo la mtumbwi. Ndege ikapakiwa kwenye meli Kinfauns Castle, ikapelekwa mpaka kisiwa kidogo cha Niororo karibu na Mafia. Redieta yake ilipoharibika, walitafuta ya gari la Ford huko Mombasa wakaifunga. Ndiyo, redieta ya gari. Mafundi wetu wa Goma wangeelewana na watu hao vizuri sana.

Novemba 1914 Cutler aliiona Königsberg. Desemba alianguka, Wajerumani wakamkamata. Baadaye zikaja ndege nyingine za kikosi cha anga cha jeshi la maji: Sopwith mbili ambazo joto liliwashinda mpaka zikawa karibu hazina faida, halafu Short tatu zilizoletwa na meli Laconia. Ndege za wakati ule zilikuwa mbao, kitambaa, waya na gundi. Joto la pwani na unyevu vililegeza gundi, vikapinda mapanga ya mbele, hewa moto ikakataa kuzinyanyua. Hata hivyo Aprili 1915 rubani Cull aliipiga picha Königsberg kutoka juu, na Julai mwaka huo ndege zikawaelekeza wapiga mizinga wa meli Severn na Mersey mpaka Königsberg ikamalizika. Mizinga yake Wajerumani waliichomoa, wakaitumia nchi kavu. Mmoja ulipelekwa kwa reli mpaka Kigoma ukafungwa juu ya meli mpya ya Ziwa Tanganyika, Graf von Götzen. Hapo ndipo hadithi inatufikia sisi.

Lakini nisimame kidogo juu ya neno meli ya kubeba ndege, kwa sababu vijana wetu wamezoea kuona kwenye filamu ile sahani kubwa ya chuma ya Wamarekani, ndege zinarushwa mbele na kunaswa kwa waya zinaporudi. Katika 1915 na 1916 hiyo haikuwepo. Ni kweli Mmarekani Eugene Ely alikuwa ameshapaa kutoka kwenye meli mwaka 1910, lakini meli ya kwanza yenye sitaha tambarare kutoka mbele hadi nyuma, Argus ya Waingereza, ilianza kazi 1918. Kabla ya hapo ndege ilishushwa majini kwa winchi, watu wakaishika isigonge ubavu wa meli, ikaenda zake, ikirudi inakaa juu ya maji, watu wanaifuata, wanaifunga kamba, wanaipandisha tena.

Sasa, Ziwa Tanganyika. Wajerumani walilitawala tangu mwanzo wa vita kwa sababu wao ndio walikuwa na meli. Waingereza waliburuta boti mbili ndogo za injini, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa njia za porini na kwa mto, zikaingia ziwani mwisho wa 1915. Desemba zikaikamata Kingani, Februari 1916 zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Ikabaki Götzen peke yake, kubwa, ikiwa Kigoma chini ya ulinzi wa mizinga. Boti ndogo hazikuthubutu. Wabelgiji, ambao nchi yao kule Ulaya ilikuwa karibu yote mikononi mwa Wajerumani, waliomba msaada wa ndege, na jeshi la maji la Uingereza likawaazima nne, aina ya Short 827. Kila moja ilikuwa na mabawa ya mita 16 hivi kutoka ncha hadi ncha, injini ya nguvu za farasi 150, na uzito wa zaidi ya tani moja. Viti viwili, cha rubani na cha mwangalizi.

Zilikuja ndani ya makasha. Hapa nawaomba tufuate njia kwa kidole, maana vitabu vingi vinapita hapa kwa mstari mmoja: "zikasafirishwa mpaka ziwani". Nani alizisafirisha?

Njia ya Kongo ya siku hizo ilikuwa hivi. Meli ya bahari inafika Matadi. Unapakua, unapakia kwenye treni mpaka Léopoldville, yaani Kinshasa. Unapakua, unapakia kwenye boti ya mto mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo. Hapo kuna maporomoko, kwa hiyo unapakua, unapakia kwenye treni mpaka Ponthierville, ambayo ni Ubundu. Unapakua tena, boti mpaka Kindu. Treni kutoka Kindu mpaka Kongolo. Boti kutoka Kongolo mpaka Kabalo. Treni ya Kabalo kuelekea ziwani, reli iliyokuwa bado mbichi. Kisha unashusha vyote Kalemie, Albertville kwa jina la Wabelgiji. Hesabu mwenyewe: kila kasha lilishikwa na mikono na kuhamishwa mara nane tangu litoke kwenye meli ya bahari. Bawa la kitambaa, ukiliangusha mara moja, ndege imekufa. Boya la mbao likipasuka, ndege itazama. Na pamoja na makasha ya ndege kulikuwa na mafuta, mabomu, vipuri, mahema na chakula cha wazungu. Kreni za kisasa hazikuwepo Kindu wala Kongolo. Vilivyokuwepo ni mabega na kamba.

Mimi nafanya kazi na vijana wanaobeba. Najua mzigo ni nini kwa mtu anayeubeba: hauulizi una thamani gani, unauliza una kilo ngapi na umbali gani. Mama anayevuka mpaka na nyanya kichwani, papa wa baiskeli ya magurudumu matatu anayepitisha magunia na kijana wa chukudu wanaijua hesabu hii. Mbebaji wa vita ile kwa kawaida alipewa kilo 25 mpaka 30 kichwani. Kasha la injini halibebwi na mtu mmoja. Hapo wanafungwa miti, wanaingia watu kadhaa kila upande, na mmoja anaimba ili miguu iende pamoja.

Walipofika, maji ya Tanganyika yenyewe yakawa tatizo. Anayelijua ziwa lile anajua mawimbi yake mchana upepo ukianza. Maboya ya mbao hayapendi mawimbi. Kambi ya kwanza ilikuwa Mtoa, na mahali pa kurukia palipatikana kwenye ziwa dogo la Tongwe, lenye maji yaliyotulia. Mei 1916 rubani Aimé Behaeghe alipaa kutoka hapo. Anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka katika sehemu hii ya Afrika. Kumbuka pia ziwa lipo zaidi ya mita 770 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Uingereza ambako injini zile zilijaribiwa, na joto linazidi kuipunguza. Kwa hiyo unapima kila kitu, mafuta kiasi gani, mabomu mangapi, mtu wa pili ana kilo ngapi.

Nimejaribu kuijenga siku moja ya kazi pale kutokana na jinsi ndege hizo zilivyofanya kazi. Ndege ya maji ya wakati ule hailali majini. Mbao zinakunywa maji, boya linakuwa zito, kesho haipai. Kwa hiyo jioni inavutwa nchi kavu. Asubuhi inarudishwa, watu wako ndani ya maji mpaka kifuani, wengine wanashika ncha za mabawa upepo usiigeuze, wengine mkia. Maboya yanakaguliwa, maji yaliyoingia yanatolewa. Petroli inachujwa isiwe na maji wala uchafu, kwa sababu injini ikizimika katikati ya ziwa hakuna wa kukusaidia. Debe moja, debe la pili, la kumi. Injini ikishika, kila mtu anaruka nyuma. Panga lile halisamehe. Halafu wanangoja. Kutoka Kalemie mpaka Kigoma kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 130, kwenda na kurudi juu ya maji matupu.

Wazungu pale walikuwa marubani wachache, waangalizi na mafundi: Behaeghe, Collignon, Orta, Castiau na wenzao, chini ya kamanda de Bueger. Majina yao yapo. Ndege nne zenye uzito wa tani moja na zaidi hazisukumwi na watu wachache waliochoka kwa homa, siku baada ya siku. Waliokuwa ndani ya maji mpaka kifuani walikuwa watu wa Kalemie, wa Mtoa na wengine walioletwa kutoka mbali, raia wa kulazimishwa pamoja na askari wa Force Publique. Majina yao sijayaona katika kitabu chochote kilichopita mikononi mwangu.

Tazama tofauti. Leo kwenye sitaha ya meli ya kubeba ndege ya Marekani kila mfanyakazi ana rangi yake. Mwenye fulana ya manjano anaongoza ndege kwa mikono, wa kijani anashughulikia mitambo ya kurusha na waya za kunasa, mwekundu mabomu, zambarau mafuta, kahawia anailinda ndege yake kabla ya rubani kupanda, buluu anasukuma na kufunga minyororo. Wengi ni vijana wa umri wangu na chini yangu. Wakistaafu wanakutana, wanaandika kumbukumbu zao: kelele, harufu, usiku, rafiki aliyepoteza kidole. Fulana ya zambarau ana historia yake. Wa zambarau wa Tongwe hakuwa na fulana.

Nilimtafuta. Yaani nilitafuta mtu wa kuniambia chochote. Karibu na soko letu anaishi mzee mmoja mzaliwa wa Kalemie, alifika huku kwa njia ndefu kama wengi wetu. Nilimpelekea sukari, nikamwambia, "Mzee, shikamoo, nimesikia nkambo zenu walifanya kazi na ndege za Wabelgiji." Akanitazama kama mtu anayeulizwa kama babu yake alikuwa mfalme.

"Ndege? Nkambo hakufanyaka na ndege. Balikuwa banabeba tu. Habakubaambiaka mu kasha muko nini."

Kisha, taratibu, ikatoka. Babu ya baba yake alikuwa mbebaji wa madebe, kutoka kwenye reli kwenda ziwani. Debe moja lilikuwa linavuja. Njia nzima petroli ilimtiririkia begani, na jua lilikuwa kali. Ngozi ikaungua, ikatoka. Hakuruhusiwa kuweka chini. Lile kovu alibaki nalo mpaka akafa, na watoto wa familia walikuwa wakilishika, linateleza kama ganda la embe, alisema mzee. Yeye mwenyewe hakuliona, baba yake ndiye aliyelishika. Nilimuuliza alilipwa nini. Akacheka: "Chumvi na kitambaa. Njo vile tulisikiaka."

Sasa mtu wa kumbukumbu za karatasi atasema hiyo si ushahidi. Sawa. Lakini petroli ya ndege zile lazima ilifika pale kwa njia fulani, na petroli kwenye ngozi juani inachoma vile mzee anavyosema. Mimi naamini kovu.

Juni na Julai 1916 ndege zikaenda Kigoma, zikaangusha mabomu juu ya bandari na Götzen. Marubani waliporudi walisema wameipata. Ukweli ni kwamba meli haikuzama kwa mabomu yao, na mzinga wake mkubwa ulikuwa umeshatolewa kwenda kutumika nchi kavu. Kilichowafukuza Wajerumani ni jeshi la miguu la Force Publique lililokuwa likishuka kutoka kaskazini. Na jeshi hilo lilipita wapi? Hapa kwetu. Gisenyi ilikuwa ngome ya Wajerumani chini ya Kapteni Wintgens tangu 1914, Wabelgiji wakiwa upande wa Goma, wakipigiana risasi juu ya mpaka huuhuu tunaovuka kununua unga. Mei 1916, mwezi uleule Behaeghe alipopaa Tongwe, Wajerumani waliiacha Gisenyi. Mwisho wa Julai Wabelgiji waliingia Kigoma, Septemba Tabora. Wabebaji wa upande wa Kongo katika vita ile nzima wanahesabiwa kuwa zaidi ya 200,000. Upande wa Waingereza waliwekwa kwenye Carrier Corps, ndiyo maana Dar es Salaam kuna Kariakoo na Nairobi kuna Kariokor. Soko lina jina lao kama kundi. Mtu mmoja mmoja, hapana.

Behaeghe hakurudi kwao. Alikufa kwa ugonjwa Desemba 1916 huko Niemba, kwenye njia ya reli ileile. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mbali na mama yake. Simchukii, na ninapowasimulia vijana wetu habari yake huwa wanakaa kimya. Wanajua maana ya kufa ugenini.

Na Götzen? Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe, injini zikiwa zimepakwa grisi vizuri. Waingereza wakaiibua 1924, wakaipa jina Liemba, ikaanza kubeba abiria 1927. Ndiyo hiyohiyo, wasomaji wa Uvira na Fizi mnaijua. Mwaka 1997 iliwarudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi waliotoka kwetu. Mei 2015 iliwachukua Warundi waliokwama kwenye ufukwe wa Kagunga, ikawapeleka Kigoma, safari baada ya safari. Kagunga haina gati la meli kubwa. Liemba ilisimama mbali kidogo, watu wakapelekwa kwa boti ndogo za wavuvi, wagonjwa, wazee na magodoro. Mmoja wa vijana wetu alipita njia hiyo akiwa mtoto. Anachokumbuka ni mkono wa mtu aliyemnyanyua kutoka kwenye boti kumpandisha melini. Sura hakuiona.

Tumefungua daftari kwenye kikundi. Kama una mzee wa Kalemie, Niemba, Kabalo, Kongolo au Kindu, hata yuko kambini, hata yuko Marekani kwa simu, muulize ni nani katika ukoo alibeba mizigo ya vita ile, na alibeba nini. Lete jina, hata la upande mmoja. Yule mzee wa sokoni alikubali nimwandike babu yake humo, ila hakutaka jina lichapishwe hapa. Mpaka leo daftari lina jina hilo moja.